Kukosa Usingizi kwa Akina Mama Wanaofikia Ukomo wa Hedhi



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mizani, stakabadhi, akiba ya chama na mikutano mikuu. Leo naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya usingizi. Tena si usingizi wa kila mtu, bali usingizi wa akina mama waliofikia umri wa kukoma hedhi. Najua wapo watakaouliza: mkaguzi wa vyama ana kazi gani na mambo hayo, ambayo kwa desturi yetu husemwa faraghani na wanawake wenyewe? Nitawajibu kwa kueleza jambo lililonikuta kazini.

Msimu mmoja wa ununuzi wa pamba niliitwa na bodi ya chama kimoja cha msingi nikague stakabadhi za karani wao wa mizani. Karani huyo alikuwa mama wa miaka 49, mwenye utumishi wa miaka mingi usio na doa. Msimu huo wakulima walianza kulalamika kwamba kilo zilizoandikwa hazilingani na kilo walizoziona wenyewe kwenye mizani. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa imekwisha kuandikwa. Ilingoja taarifa yangu tu ili itiwe saini.

Nilipozipanga stakabadhi zenye makosa kwa kufuata nambari zake, niliona mambo mawili. La kwanza, makosa hayakuelemea upande mmoja. Baadhi yalimpunja mkulima, baadhi yalikipunja chama, na mawili yalimtia hasara karani mwenyewe, kwa kuwa alilazimika kufidia fedha kutoka mfukoni mwake. Mwizi hakosei namna hiyo. Makosa ya mwizi yote huelekea mfukoni mwake. La pili, karibu makosa yote yalitokea alasiri. Hesabu za asubuhi zilikuwa safi kama za miaka yote.

Nikamwomba mjumbe mwanamke wa bodi azungumze naye kando. Ndipo yule mama akaeleza kwamba kwa muda wa karibu mwaka mzima huamka mara tatu au nne kila usiku, amelowa jasho, moyo unamwenda mbio. Hubadili kanga, hurudi kitandani, na hukaa macho hadi jogoo wawike. Alidhani ni malaria, akanunua dawa dukani mara tatu bila ya kupimwa. Hakumwambia mtu, kwa sababu aliona aibu. Laiti barua ile ingalitiwa saini, chama kingalimpoteza karani mwaminifu, naye angaliitwa mwizi kijijini kwake siku zote za maisha yake, ilhali kosa lake lilikuwa kutolala.

Kwa ajili hiyo niliona yafaa tuelezane jambo hili waziwazi. Vyama vyetu vina makatibu, waweka hazina, makarani na wanachama wengi wanawake, na kila mmoja wao akijaliwa umri atapita katika njia hii.

UKOMO WA HEDHI NI NINI

Ukomo wa hedhi si ugonjwa. Ni badiliko la kawaida la mwili, kama lilivyo badiliko la kuvunja ungo. Kwa wanawake walio wengi hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55. Husemekana kwamba mwanamke amefikia ukomo huo ikiwa miezi 12 mfululizo imepita bila ya hedhi, na pasiwe na sababu nyingine kama mimba, kunyonyesha au dawa. Lakini mabadiliko huanza mapema zaidi. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo hedhi hupotea mpangilio: mwezi huu huja nyingi, mwezi ujao kidogo, mwezi wa tatu haionekani kabisa. Aghalabu shida ya usingizi huanza katika miaka hiyo ya mpito.

Chanzo chake ni hiki. Ovari, yaani vifuko vya mayai, hutengeneza homoni mbili kubwa za kike, estrojeni na projesteroni. Homoni ni vichocheo vinavyosafiri katika damu na kupeleka maagizo sehemu mbalimbali za mwili. Umri unaposogea, ovari huchoka, na homoni hizo hupanda na kushuka bila ya utaratibu, hatimaye hupungua sana. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayolinda joto la mwili. Estrojeni ikipungua, sehemu hiyo huwa nyepesi mno kushtuka, mfano wa mizani iliyoharibika, ambayo mshale wake huruka hata ikiguswa na upepo. Joto likipanda kidogo tu, ubongo hudhani kwamba mwili unaungua, nao hutoa amri: mishipa ya ngozi ipanuke, jasho litoke, moyo uende kasi. Hilo ndilo wimbi la joto wanalolisema akina mama. Hudumu dakika chache, kisha huenda likafuatwa na baridi. Likija mchana ni adha. Likija usiku huukata usingizi.

Hali si sawa kwa wote. Wapo wanaopita bila ya shida yoyote, na wapo wanaotaabika kwa miaka mingi. Utafiti mrefu uliofanywa Marekani, ambao sehemu ya matokeo yake ilichapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kwa wanawake wenye mawimbi ya joto ya mara kwa mara, hali hiyo huendelea kwa wastani wa miaka 7 na zaidi. Na miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Afrika ilifikia miaka 10. Kwa hiyo si haki kumwambia mama avumilie tu kwamba yatapita mwezi ujao.

Tena joto si sababu pekee. Katika umri huo wanawake wengine huanza kukoroma na kukatika pumzi usingizini, wengine huamshwa na haja ndogo, na wengine hupata wasiwasi au huzuni isiyo na sababu ya wazi. Juu ya hayo, huu ndio umri ambao mama ana ada za watoto, wazazi wazee wa kuwauguza, shamba la kupalilia na daftari la chama la kufunga. Mzigo wa mawazo humngoja kitandani.

KWANZA KUPIMA, KISHA KUTIBU

Sisi wakaguzi tuna kanuni kwamba hatuandiki sababu ya upungufu kabla ya kuhesabu. Kanuni hiyo itumike hapa pia. Si kila jasho la usiku ni ukomo wa hedhi, wala si kila joto ni malaria. Mwenye homa apimwe malaria kabla ya kumeza dawa. Mwenye jasho la usiku pamoja na kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa, au kupungua uzito, achunguzwe kifua kikuu bila ya kuchelewa. Virusi vya UKIMWI, kisukari na tezi ya shingo iliyozidi kufanya kazi pia huweza kuvuruga usingizi, na vyote hivyo vina vipimo. Mwenye kutokwa na damu nyingi ya hedhi apimwe wingi wa damu, kwani upungufu wa madini ya chuma huleta uchovu, na kwa wengine miguu isiyotulia usiku.

Mambo matatu yasipuuzwe kamwe. La kwanza, damu inayotoka baada ya hedhi kukoma kwa mwaka mzima, hata ikiwa tone, ni lazima ichunguzwe hospitalini, kwa kuwa yaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi au ya mji wa mimba. La pili, mwanamke ambaye hedhi yake inakoma kabla ya miaka 45, na hasa kabla ya 40, amwone tabibu. La tatu, katika miaka ya mpito mimba bado yawezekana. Wataalamu hushauri kwamba aliye chini ya miaka 50 aendelee kujikinga kwa miaka 2 baada ya hedhi ya mwisho, na aliyezidi umri huo kwa mwaka 1.

DAFTARI LA USINGIZI

Yule karani alipopelekwa kituo cha afya na kuonekana kwamba hana malaria wala kifua kikuu, muuguzi alimpa kazi iliyonipendeza sana: afungue daftari la usingizi kwa wiki 2. Makatibu hamna haja ya kufundishwa namna ya kupiga mistari. Kila asubuhi huandikwa saa ya kupanda kitandani, saa ya kulala kwa kukadiria, mara za kuamka na sababu yake, saa ya kuondoka kitandani, na jana yake mtu alikunywa nini jioni. Haifai kutazama saa usiku kucha ili kupata hesabu kamili, makadirio yatosha.

Baada ya wiki 2 hujumlishwa. Tuseme mama hupanda kitandani saa 3 usiku na kutoka saa 11 alfajiri. Hizo ni saa 8 za kitanda. Lakini usingizi wenyewe ni saa 5 na nusu tu. Maana yake ni kwamba asilimia 69 tu ya muda wa kitandani ni usingizi. Uliobaki ni kujigeuza na kuwaza. Kadiri hali hiyo inavyoendelea, ndivyo mwili unavyozoea kwamba kitanda ni mahali pa kukesha.

Dawa ya jambo hili inaelekea kuwa kinyume cha mawazo yetu: ni kupunguza muda wa kitanda. Mama huyo apande saa 5 usiku na aondoke saa ile ile ya 11 alfajiri, siku zote, pamoja na siku za mapumziko. Sasa ana saa 6. Akilala saa 5 na robo katika hizo, amefikia zaidi ya asilimia 85. Hapo huongeza robo saa, akangoja wiki nyingine, akaongeza tena. Muda wa kitanda usishushwe chini ya saa 5. Siku za mwanzo huwa na usingizi mwingi mchana, hivyo utaratibu huu usianzwe katika wiki ya kufunga hesabu, wala usifuatwe na mwenye kifafa au mwenye kuendesha chombo cha moto bila ya ushauri wa tabibu.

Utaratibu huu ni sehemu ya tiba ya kubadili mazoea ya usingizi. Mwaka 2016 chama kikubwa cha madaktari wa Marekani kilishauri kwamba tiba hiyo itangulie vidonge kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi. Imejaribiwa pia kwa wanawake waliofikia ukomo wa hedhi, nayo imewafaa.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Pamoja na daftari, yafaa kuzingatia haya:

1. Ukikaa macho kitandani kwa muda unaokadiriwa dakika 20, ondoka. Keti mahali pengine penye mwanga hafifu, fanya kazi nyepesi isiyo na hesabu, na urudi unapohisi usingizi. Simu iachwe mbali.

2. Usilale mchana kwa zaidi ya nusu saa, wala usilale baada ya saa 9 alasiri.

3. Chai ya majani na kahawa zinywewe asubuhi. Nguvu yake hukaa mwilini saa nyingi. Kikombe cha jioni bado kinafanya kazi usiku wa manane.

4. Pombe isitumiwe kama dawa ya usingizi. Ni kweli humlaza mtu upesi, lakini huuvunja usingizi nusu ya pili ya usiku, na kwa wanawake wengi huzidisha mawimbi ya joto. Tumbaku pia iachwe, ya kuvuta na ya kunusa.

5. Vaa nguo nyepesi ya pamba, weka kanga kavu na maji ya kunywa karibu, fungua madirisha yenye wavu, na oga maji ya vuguvugu kabla ya kulala. Sitaki kuwadanganya: haijathibitishwa kwamba mambo haya hupunguza idadi ya mawimbi ya joto. Hata hivyo hupunguza adha yake, na hayana gharama kubwa.

6. Chandarua kisiondolewe kwa sababu ya joto. Nimesikia akina mama wakilala nje au wakikunja chandarua ili wapate upepo. Huko ni kukimbia jasho na kukaribisha malaria.

7. Wimbi likija, keti, vuta pumzi polepole, na usishindane nalo. Hofu huongeza kukesha.

JUU YA DAWA

Kwa mwenye shida kubwa, ipo tiba ya homoni, ambayo huurudishia mwili sehemu ya estrojeni iliyopungua. Hakuna dawa inayoishinda kwa kupunguza mawimbi ya joto. Mwenye mji wa mimba hupewa estrojeni pamoja na projesteroni au dawa ya jamii yake, ili kuulinda mji huo usipate saratani. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu dawa hizo mbili ulisimamishwa mapema baada ya kuonekana kwamba hatari ya saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda iliongezeka, na wanawake wengi duniani wakaziacha kwa hofu. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajapita miaka 10 tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida huzidi hatari. Lakini aliyewahi kupata saratani ya matiti, kiharusi, ugonjwa wa moyo au damu kuganda, mwenye ugonjwa mkubwa wa ini, au mwenye kutokwa na damu isiyojulikana sababu, kwa kawaida hapewi. Hivyo uamuzi huu ni wa daktari pamoja na mama mwenyewe, si wa muuza duka.

Zipo pia dawa zisizo za homoni, kama baadhi ya dawa za sonona na gabapentini, ambazo daktari aweza kuzitoa kwa dozi ndogo. Ama vidonge vya usingizi kama diazepamu, visinunuliwe kiholela wala kuazimwa kwa jirani. Mwili huvizoea upesi, huleta usahaulifu na kuanguka, na kuviacha ghafula kwaweza kuwa na hatari. Anayetumia mitishamba amwambie tabibu bila ya kuficha, kwani baadhi yake hugongana na dawa za hospitali, hasa za shinikizo la damu na kisukari.

WAJIBU WA CHAMA

Sasa nirudi kwenye kazi yetu. Chama hakiwezi kumrudishia mama usingizi wake, lakini kinaweza kuacha kumzidishia mzigo.

Kwanza, katibu apange kazi za hesabu nzito saa za asubuhi, na kazi nyepesi alasiri. Pili, stakabadhi zote zipitie mikono miwili: mmoja asome kilo kwa sauti, mwingine aandike, na mkulima aone kabla ya karatasi kukatwa. Utaratibu huo ni mzuri hata kwa karani anayelala fofofo. Tatu, kituo cha ununuzi kiwe na kivuli na maji ya kunywa. Nne, mtumishi akiomba siku ya kwenda hospitali apewe, na asilazimishwe kutaja ugonjwa wake mbele ya bodi nzima. Tano, chama kimwalike muuguzi wa zahanati azungumze na akina mama, kisha azungumze na waume zao pia. Mume anayemwona mkewe akihama kitanda usiku aweza kudhani amechukiwa, kumbe ni joto tu.

Isieleweke kwamba nawatetea wezi. Upungufu ni upungufu, nasi tutaendelea kukagua mizani na fedha za kila mtumishi, awe mwanamume au mwanamke. Ninalosema ni kwamba makosa yasomwe kabla ya mtu kuhukumiwa. Yaelekea upande gani? Yalianza lini? Yanatokea saa ngapi? Bodi iliyouliza maswali hayo matatu itamtambua mwizi upesi, na itamtambua mgonjwa pia.

Barua ile ya kumwachisha kazi yule mama haikutiwa saini. Alihamishiwa zamu ya asubuhi, akapewa kijana wa kusoma kilo, naye akaendelea na daftari lake la usingizi. Nilipopita tena kabla ya msimu kufungwa, makosa yalikuwa yamepungua sana. Aliniambia kwamba jasho bado humjia, lakini sasa huamka mara moja, hubadili kanga na kulala tena. Kisha akanionyesha daftari lenyewe. Lilikuwa limepigwa mistari minyofu, na kila ukurasa umejumlishwa chini kama kitabu cha fedha.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi tusihukumu vitanda vya wenzetu. Na nyinyi akina mama mnaokesha, msifiche: mwambieni muuguzi, na mwambieni katibu wenu kiasi kinachohitajika ili kazi ipangwe vema.

Wenu katika ushirika,
Mkaguzi wa Vyama